Ndugu Niliyemwacha Nje ya Karatasi

Vichwa vingi vinavyopita juu ya pikipiki hapa Kolwezi nimevifunika mimi. Kabla yangu watu wa taksi-moto walikuwa wanavaa kofia za sufu, na wengine nywele tu. Nilianza na kofia ngumu sita, zile tunazoita kaske, nikazitundika kwenye mlango wa duka langu. Wakanicheka wiki nzima, eti ni sufuria za ugali.

"Patron, tutapikia bukari ndani ya ii?"

"Pikia," niliwajibu. "Siku utaanguka, njo utajua ni sufuria ya nini."

Baadaye polisi wa barabara wakaanza kusimamisha kila kichwa kitupu, na wale waliocheka walipanga mstari mbele ya duka mpaka kwenye mtaro. Leo nina maduka mawili na depo moja. Shule niliiacha darasa la nne. Nilichimba shaba na kobalti kwa mikono hii, nikalala ndani ya hema la plastiki, halafu nikatoka shimoni na akili zangu zote, jambo ambalo si kila mtu aliyeingia aliliweza. Kiswahili hiki ninachoandika nilifundishwa na mzee mmoja Mwislamu, watu wake wa Kasongo, aliyekuwa anauza vipuri vya magari. Nilikuwa namwandikia barua za kuagiza mali. Alinifundisha pia kutomwamini mtu kabla sijafungua boksi. Ndiyo kazi yangu mpaka leo: kila boksi linalotoka Lubumbashi nalifungua mwenyewe, kila kaske naigonga juu ya meza, nasikiliza. Ikilia vibaya, inarudi. Mtu akinichekea sana, naye namgonga kidogo kwa maneno, nisikie analia vipi.

Basi mdogo wangu wa kike alipoanza kuvimba miguu, jambo la kwanza nililouliza ni nani amempikia.

Alikuwa anaamka uso umejaa kama mtu aliyeumwa na nyuki. Mume wake alisema ni chumvi. Jirani yake alisema ni watu wa soko, wivu. Mimi nilimshuku jirani kwa sababu alisema haraka mno. Tulizunguka na dawa za mizizi na za unga karibu miezi mitatu, mpaka siku alipoishiwa na pumzi sokoni, tukamkimbiza hospitali. Daktari alikuwa mama mmoja kijana, mwembamba, aliyesoma mbali. Aliangalia karatasi za damu, akauliza swali ambalo sikuelewa linaingilia wapi.

"Mama, mimba yako ya mwisho, tansio ilipandaga?"

"Hawakunipimaga," mdogo wangu alisema. "Siku zile hakukuwa na mashine kule dispensari. Nilianguka kifafa siku ya kuzaa, basi."

Daktari alitikisa kichwa. Akasema siku hizi kila mama mwenye mimba anafungwa ile mashine mkononi, hata dispensari ya mtaani, na wengi wanaokolewa mapema. Mdogo wangu ilimpita. Tansio, yaani presha ya damu, ilikaa ndani yake miaka yote ile kimya, ikila figo. Sasa zote mbili zilikuwa zimekwisha.

Ilibidi ahamie Lubumbashi, kwenye mashine ya kusafisha damu, mara mbili kila wiki. Nilimpangia chumba karibu na hospitali. Kila alipokosa siku moja alivimba, na kila alipofika alitoka amekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Daktari alituambia wazi kwamba mashine inamshikilia tu, haimponyi, na kwamba hawezi kuendelea hivi kwa miaka mingi. Kilichoweza kumpa maisha ni figo ya mtu mwingine. Ingebidi twende kuipandikiza India, maana kwetu kazi hiyo haikuwepo.

"Figo ya marehemu?" niliuliza.

"Hapana, tata," alisema, akiniita baba. "Hapa hatuna njia ya kuchukua kwa marehemu. Ni ya mtu aliye hai, ndugu. Mtu anaishi vizuri na moja."

"Kama moja inatosha, juu ya nini Mungu alitupa mbili?"

"Labda alijua mutagawana," alisema, bila kucheka.

Sikulipenda jibu lile. Lilikuwa tayari mno, kama la mtu anayeuza.

Niseme ukweli, watu wa Kolwezi tulikuwa tunaogopa habari za figo kuliko habari za shimo kubomoka. Zilikuwepo hadithi za mtu aliyepewa soda na dereva wa lori akaamka na kovu. Hakuna aliyemjua mtu huyo, lakini kila mtu alimjua aliyemjua. Mwaka mmoja kabla, vijana wa afya walikuja sokoni na viti vyao na zile mashine za mkononi, kupima tansio ya kila anayepita, bure. Nilisimama kwenye baraza ya duka langu nikasema kwa sauti ya kusikika: "Bitu ya bure iko na mwenyewe. Aba banachagua figo." Watu walicheka, halafu waliondoka. Vijana wakakaa pale na viti vitupu mpaka wakafunga. Nilijiona nimeuokoa mtaa.

Sasa nilikuwa mbele ya daktari, na alinipa karatasi niandike ndugu wote wa damu wa mgonjwa, ili waitwe wapimwe.

Niliiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, sikutaka mtu anisaidie. Niliandika wawili: mimi, na dada yetu mkubwa anayelima Sandoa.

Kulikuwa na wa tatu. Baba yetu, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya madini, aliacha nyumba ya mama yetu akaoa mwanamke mwingine, akazaa naye mtoto mmoja wa kiume. Mama yetu ni wa kabila la Wasanga, na kwa watu wake mtu ni wa tumbo lililomzaa. Ukoo, jina la kuheshimiwa, nani atakulilia msibani, vyote vinapita kwa mama. Mtoto wa baba ni mtu wa watu wengine. Unamsalimia, unamlisha akipita, basi. Na huyu sikumlisha sana. Nilishuku tangu utoto kwamba mama yake ndiye aliyemvuta baba. Alikuwa anaendesha taksi-moto mjini, na akija dukani alisimama nje ya mlango kama anayengoja kuitwa.

Kwa hiyo daktari alipouliza, "Ni awa tu?" nilisema, "Ni awa tu. Tumbo yetu iko ndogo."

Mume wa mdogo wangu alikuwa na sukari, wakamkataa mara moja. Dada alitoka Sandoa, siku tatu barabarani na mvua, akafika na mfuko wa mihogo mikavu na mkono ulionyooshwa tayari kuchomwa. Damu yake haikulingana. Alikaa nje kwenye benchi la saruji akalia kama aliyefiwa. Nikamwambia asilie, bado niko mimi, na mimi sijawahi kulala hospitali hata usiku mmoja. Nilikuwa naogopa, sikatai. Nilishuku kisu, nilishuku usingizi wa dawa, nilishuku kwamba nikilala wataangalia kama kuna kingine cha kuchukua. Lakini nilikuwa nimekubali. Nilikwisha kuwaambia watu wote wa mtaa kwamba figo yangu ndiyo itakayomwinua.

Daktari alinifunga ile mashine mkononi. Akaifungua, akafunga mkono mwingine. Akaniuliza kama nimepanda ngazi kwa mbio.

"Tata, ii tansio si ya jana," alisema. Mkojo wangu pia ulikuwa na dalili. Figo zangu zilikuwa zimeanza njia ileile ya mdogo wangu, zikiwa nyuma yake kidogo tu. "Kama ungepimwa mwaka mmoja, miwili iliyopita, ukakunywa dawa, tungeweza kuzungumza. Sasa nikikutoa moja, nitakuwa na wagonjwa wawili."

Nilimwambia mashine yake imeharibika. Nilikwenda kupimwa kwingine, mara mbili. Nilishuku kuna mtu anataka figo yake ndiyo iingie, ili anunue shukrani ya familia. Kwa miaka nilikuwa nimeogopa watu wataiba figo yangu, na sasa nilikuwa nimewapelekea mwenyewe, wakaikataa. Sijui ni lipi liliniuma zaidi. Na vile viti vitupu vya sokoni vilinirudia, ingawa sikumwambia mtu.

Miezi ilipita. Mdogo wangu alibaki mifupa na macho.

Ndipo yule mtoto wa baba akaja dukani. Safari hii aliingia ndani kabisa. Mwaka uliopita lori la madini lilikuwa limempiga kwenye barabara ya migodini, akaruka, akaangukia kichwa. Kaske yake ilipasuka vipande viwili kama nazi. Yeye aliinuka na mkono uliovunjika na kichwa kizima. Siku zile aliniletea vile vipande kunionyesha, na mimi nilivigeuza na kuvigeuza, nikifikiri labda ameipasua kwa nyundo ili apewe mpya.

"Yaya," alisema, neno letu la kumwita kaka mkubwa, "nimesikia munatafuta figo. Mi niko nazo mbili."

"Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Weye unamuonaga wapi?"

Alitazama chini. "Napitaga."

Nilimwambia aketi. Nikamgonga kama ninavyogonga kaske. Anataka nini? Pikipiki mpya? Duka moja? Nyumba ya baba anayokaa na mama yake, anaogopa nitaidai? Kila swali alijibu apana, kwa sauti ileile.

"Kila mutu anataka kintu," nilisema.

"Basi mi pia nataka. Nataka apone." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ni dada yangu. Weye njo ulisemaga siko ndugu. Yeye hajasema."

Damu yake ililingana. Daktari alipoona majibu alinigeukia. "Tata, uyu alikuwa wapi wakati wote?"

Nilijibu kwamba alikuwa safarini. Kutoka dukani kwangu mpaka kituo chake cha taksi-moto ni umbali wa kumwita mtu kwa mluzi.

Tulikwenda India watatu. Hospitali ile ilikuwa kubwa kama mtaa. Kwenye ukumbi wa kungoja nilikutana na mtu wa Likasi ambaye amekaa Ulaya zaidi ya nusu ya maisha yake. Nilifurahi kusikia Kiswahili chetu, halafu nikashuku kwa nini mtu wa Ulaya anakuja kutafuta figo kwa Wahindi. Nilimuuliza bila kuzunguka.

Alisema kule Ulaya kuna orodha ya kungoja. Mtu mwenye afya akianguka, ubongo ukafa na moyo bado unapiga, familia ikikubali, figo zake wanapewa wawili walio kwenye orodha. Alingoja miaka, akachoka, mtoto wa shangazi yake akajitolea.

"Mbona hazifiki?"

"Ziko nyingi za kutafutwa na kidogo za kupatikana. Tunaishi sana sasa, baba. Wenye sukari, wenye tansio, zamani walikufa mapema. Leo wanaishi mpaka figo zinakwisha, na wote wanaingia kwenye orodha. Na upande mwingine, barabara zimekuwa nzuri, watu wanafunga mkanda, wanavaa kaske. Vijana hawafi tena kwa kupasuka vichwa kama zamani." Alitabasamu vibaya. "Niliwahi kukaa dirishani mvua inanyesha, nikajikuta nahesabu pikipiki. Unaona mtu anavyoweza kuwa."

Nilikuwa sijamwambia ninauza nini. Alipouliza, nilisema vipuri.

Nilibaki nikitafuna maneno yale. Kwa hiyo kila kaske niliyouza, kwa hesabu ya mtu kama huyu, ilikuwa figo mbili zilizokataa kufika? Nilitaka kumkasirikia, lakini sikupata pa kushika. Halafu nikaona kule mwisho wa ukumbi mtoto wa baba ameketi kando ya mdogo wangu, kichwa chake kizima, kimenyolewa, kinang'aa chini ya taa. Kichwa kile kingepasuka siku ile, kwetu figo zake zisingemfikia mtu yeyote. Tungemzika nazo zote mbili.

Kabla ya kisu kulikuwa na kamati. Hawa walinizidi mimi kwa kushuku. Kazi yao ni kuhakikisha hakuna mtu aliyenunuliwa. Wanaume wawili na mama mmoja nyuma ya meza ndefu, na msichana wa kutafsiri aliyejua Kifaransa na Kiswahili. Mbele yao faili letu, na juu kabisa nikaona karatasi yenye herufi kubwa. Niliijua kabla hawajaigeuza.

Mama wa kamati aliweka kidole juu yake. Msichana akatafsiri: "Hapa, hospitali ya kwenu, familia imeandika ndugu wawili tu. Mwanaume huyu hayumo. Leo mnaleta mwanaume maskini, anaendesha pikipiki, na wewe ni tajiri. Ametoka wapi?"

Wangekataa, na mdogo wangu angerudi kwenye mashine kungoja kufa, kwa mkono wangu mwenyewe.

Walituweka vyumba mbalimbali, wakaanza kutuuliza maswali yaleyale, mmoja mmoja, juu ya mgonjwa. Watoto wake wanaitwa nani? Hilo nilijibu. Chumba chake cha Lubumbashi kiko vipi? Nilisema kizuri, nakilipia mimi. Kina dirisha upande gani? Sikujua. Akitoka kwenye mashine, anaomba nini? Sikujua. Nilisema labda chakula.

Kisha wakatuita wote. Yule mama alisoma majibu ya mtoto wa baba, na msichana alitafsiri polepole. Dirisha linaangalia ukuta wa shule, ndiyo maana anapenda saa ya mapumziko, anasikia watoto. Akitoka kwenye mashine anaomba kipande cha barafu cha kunyonya, kwa sababu kunywa maji mengi amekatazwa. Mguu wa kushoto unakaza, unatakiwa usuguliwe kuanzia kidole kikubwa kwenda juu. Alikuwa anajua yote hayo kwa sababu kila wiki mbili alikuwa anapanda basi la Lubumbashi kwenda kukaa naye. Mimi nilikuwa natuma pesa.

"Tunaona," alisema yule mama, "huyu ni ndugu. Sasa tunauliza juu yako. Wewe ni nani kwake?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo tangu nitoke shimoni. Nilisimama. Nikawaeleza habari ya tumbo la mama na watoto wa baba, nikaona haiwaingii. Basi nikasema ilivyo: kwamba karatasi ile niliiandika mimi, kwamba nilimjua, kwamba nilimwacha nje kwa sababu sikutaka awe ndugu yangu. Kwamba hakuna mtu aliyempa kitu. Kwamba kama kuna wa kushukiwa chumbani humo ni mimi, na figo zangu wameshazikataa. Msichana aliyetafsiri alisita kidogo pale mwisho, halafu akasema.

Mtoto wa baba aliweka mkono juu ya meza. "Mumwambie huyu mama," alisema kwa msichana, "yaya anasemaga mubaya, lakini si mwizi."

Hawakutukubalia siku ile. Walichukua tena damu zetu sote watatu, kupima kama baba ni mmoja. Tulingoja siku nyingi. Sikulala vizuri, na kila muuguzi aliyepita na karatasi nilimwona anaficha jambo. Mwishowe wakaja: baba ni mmoja.

Siku ya kisu niliketi ukumbini saa zote. Daktari mpasuaji alitoka akaniambia, kwa njia ya msichana, kwamba figo ilianza kutoa mkojo mdogo wangu akiwa bado mezani. Sikuamini. Nikaomba kuona. Wakaniletea mfuko wa plastiki wenye mkojo wa manjano, nikaushika kwenye mwanga, nikaugeuza. Ulikuwa mkojo wa kweli. Mdogo wangu alikuwa hajakojoa inavyofaa karibu miaka miwili.

Sasa ana mashavu. Anameza dawa kila siku kwa saa, ananipigia simu kunikumbusha nimeze zangu. Vijana wa afya wamerudi sokoni, na viti vyao viko kwenye baraza yangu, kivulini. Juzi mteja mmoja aliwaangalia kwa pembe ya jicho akaninong'oneza, "Patron, si aba njo banachagua figo?"

"Zangu zilikataliwa," nilimwambia. "Zako nani atazitaka? Keti, unyooshe mukono."

Sijawa mtu wa kuamini. Mtoto wa baba alipopona kidonda, nilingoja aje kuomba. Nilijua atakuja, na wiki iliyopita alikuja, akaingia moja kwa moja mpaka kwenye meza. Daktari alikuwa amemruhusu kurudi kwenye taksi-moto.

"Sema," nilimwambia. "Unataka nini?"

"Kaske. Ile ingine imelegea mukanda."

Nilishusha moja kwenye rafu, nikaigonga mezani. Ililia vizuri, nikairudisha. Nikashusha nyingine, nikaigonga, nikaiweka sikioni. Kisha nikaingia depo, nikafungua boksi jipya.

"Yaya, yoyote tu," alisema. "Zote ni moja."

"Ngoja," nilimwambia.